Mkataba Una Siku ya Mwisho

Leo tuzungumze habari ya mtu mwenye kazi yake, aliyeizoea ikamzoea, halafu siku moja inaingia simu. Mara nyingi ni mwalimu, muuguzi au bwana shamba. Ana miaka 12 kazini, ameajiriwa kwa masharti ya kudumu, na mshahara wake unaingia kila mwezi mvua inyeshe isinyeshe. Simu inatoka Mwanza au Shinyanga: kuna shirika limepata mradi wa miaka miwili, kuna kampuni inatafuta msimamizi, kuna mkandarasi anataka mtu wa stoo anayejua kutunza vitabu. Mshahara ni mara moja na nusu ya ule wa halmashauri, na jibu linatakiwa Ijumaa. Kufika jioni habari imeshazunguka na kila mtu ana lake la kusema. Wazee watamtolea ile ya mbachao na msala upitao, vijana watajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli, na ndiyo sababu hakuna hata moja itakayomsaidia kuamua.

Watu wanapopima kazi mpya hupima mwezi wa kwanza: nitalipwa kiasi gani, nitaanza lini, kuna gari la ofisi au hakuna. Mimi nasema pima mwezi wa mwisho. Jiulize, siku mkataba huu utakapokwisha, nitakuwa na kitu gani ambacho leo sina, na nitakuwa nimepoteza kitu gani ambacho hakirudi? Mwenye jibu la swali hilo, kwa tarakimu na kwa kutaja vitu kwa majina, aende na Mungu amtangulie. Asiye nalo abaki kwanza hadi alipate, hata kama Ijumaa itapita.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndipo wengi wanapodanganyika, na wanajidanganya wenyewe. Tuseme mtumishi wa umma hapa kwetu Mwandoya, mkoani Simiyu, ana mshahara wa shilingi 800,000 kabla ya makato, na ameahidiwa 1,200,000 kwenye sekta binafsi. Nyongeza ni 400,000, na kichwani mwake ameshazipangia kazi. Sasa tukate. Kwa 800,000, mchango wake kwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni asilimia 5, yaani 40,000. Zinabaki 760,000 ambazo kwa viwango vya kodi vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021 zinakatwa 68,000. Bima ya afya ya NHIF, asilimia 3, ni 24,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na hajamaliza, inaondoka asilimia 15 ya mshahara wote, yaani 120,000. Mkononi zinabaki 548,000. Kwa upande wa pili, kwenye 1,200,000, mchango wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi, upande wa mfanyakazi kwa kawaida ni asilimia 10, yaani 120,000. Zinabaki 1,080,000, na hapo ameshavuka kiwango cha milioni moja, kwa hiyo kila shilingi ya juu yake inakatwa asilimia 30. Kodi yote inakuwa 152,000. Bodi ya Mikopo inachukua 180,000. Mkononi zinabaki 748,000. Ile nyongeza ya 400,000 iliyomnyima usingizi imekuwa 200,000 kamili, nusu yake. Na bado bima ya afya hatujaitaja: kadi ya mtumishi wa umma inamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wengine hadi wanne. Mwajiri mpya kama hana bima, au ana bima ya mfanyakazi peke yake, fedha ya kuwakatia watoto inatoka kwenye hizo 200,000.

Halafu kuna kipato ambacho hakiandikwi kwenye hati ya mshahara. Mtumishi aliyekaa Mwandoya miaka 12 haishi kwa mshahara peke yake, na tusimwonee aibu kulisema hilo. Ana ekari tatu za pamba au dengu, ana ng'ombe wachache kwa shemeji yake, pengine ana bodaboda aliyompa kijana wa jirani kwa hesabu ya wiki. Ekari moja ya pamba katika mkoa wetu ikitoa kilo 250 si ajabu. Kwa bei ya shilingi 1,200 kwa kilo, ile iliyotangazwa msimu wa 2019, ekari tatu ni shilingi 900,000 kabla ya kutoa gharama za kulima, mbegu, dawa na vibarua. Najua wakulima wananicheka, kwa sababu msimu huohuo wa 2019 bei ya dunia ilishuka, wanunuzi wakasuasua, na watu wakakaa miezi wakisubiri fedha za pamba iliyokwishapimwa. Wana haki ya kucheka. Lakini hapo ndipo thamani ya mshahara wa kudumu inapoonekana: ndio unaomwezesha mtumishi kusubiri fedha ya pamba bila kuuza ng'ombe kwa bei ya hasara. Akihamia Mwanza kwa kazi mpya, anahama na mshahara tu. Shamba, ng'ombe na bodaboda vinabaki chini ya uangalizi wa simu, na kila aliyewahi kufuga kwa simu anajua mifugo hiyo huzaa nini. Huko mjini chumba ni cha kulipia, maji ni ya kulipia, na mahindi yaliyokuwa yakitoka ghalani yanatoka dukani. Ukiziweka hizo zote kwenye mizani, 200,000 inaweza kwisha kabla ya tarehe 15.

Tuje sasa kwenye ule mwezi wa mwisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi asiachishwe kazi bila sababu halali na bila utaratibu, lakini sehemu hiyo ya ulinzi haimhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Maana yake ni nzito. Mtu mwenye miaka 12 ya ulinzi anapohama, hahami nao. Anaanza sifuri, na kwa nusu mwaka mwajiri mpya anaweza kumwambia asante na kwaheri kwa urahisi ambao mwajiri wa zamani hakuwa nao. Kiinua mgongo cha sheria hiyohiyo, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka kumi, hulipwa mwajiri anapovunja ajira. Anayeandika barua mwenyewe kuacha kazi hana cha kudai hapo. Fao la kukosa ajira nalo ni la aliyeachishwa, aliyejiuzulu kwa hiari yake halimhusu. Na mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake umekwisha wenyewe. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna wa kulaumiwa, kuna watu wanakusanya vitu vyao mezani. Mtu akisikia maneno “mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa,” moyo wake husikia “kuongezwa.” Masikio yasikie “mwaka mmoja.”

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mwaka 2025 umetupa ushahidi ambao hakuna mshauri wa ajira angeweza kuubuni. Kwa zaidi ya miaka 20, kazi iliyotamaniwa na muuguzi, tabibu au mtunza takwimu wa wilayani ilikuwa kazi ya mradi wa afya unaofadhiliwa na Marekani, hasa miradi ya VVU na kifua kikuu. Mshahara mzuri, mafunzo, kompyuta mpakato, posho ya safari. Wako walioacha ajira za kudumu kwa ajili hiyo, na hawakuwa wajinga. Miradi ilikuwa ikiongezwa awamu baada ya awamu, mfadhili alikuwa nchi tajiri kuliko zote duniani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ndani ya siku chache barua za kusimamisha kazi zikashuka hadi wilayani huku kwetu Afrika Mashariki, kwa watu ambao hawakuwa na kosa lolote na ambao tathmini zao za kazi zilikuwa safi. Mwezi Machi serikali ya Marekani ikatangaza kufuta asilimia 83 ya programu za shirika lake la misaada, USAID, na tarehe 1 Julai shirika lenyewe likaacha kuendesha misaada. Muuguzi wa kituo cha afya cha serikali ambaye mwaka 2023 alionekana hana ujasiri kwa kukataa mradi, mwaka 2025 alikuwa bado anaingia zamu. Sisemi alikuwa na akili zaidi. Nasema swali la mwezi wa mwisho lilikuwa halali hata wakati mfadhili alipoonekana wa milele.

Miradi ya ujenzi ina hali yake, na kwa kweli ni wazi zaidi. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ulisainiwa mwaka 2021, na reli hiyo inapita Malampaka wilayani Maswa, jirani zetu. Anayekwenda kuajiriwa na mkandarasi anajua kabisa kwamba reli ikikamilika mjenzi ataondoka. Hapo hakuna udanganyifu. Kazi ya namna hiyo inafaa kwa mtu anayetaka kukusanya mtaji au kujifunza kazi ya mikono itakayomlipa kwingine. Mtu aliyejifunza kuchomelea kwa kiwango cha reli, au kuendesha mtambo mzito akapata na cheti chake, ameondoka na kitu. Aliyekuwa mtunza stoo wa saruji ameondoka na saruji kwenye viatu.

Sasa kuna watakaonipinga, na wana hoja. Watasema: unazungumza kana kwamba kazi ya serikali ni mwamba. Si kweli, na historia ya Usukuma inawaunga mkono. Vyama vya ushirika vya pamba vilivyojengwa tangu miaka ya 1950, hadi shirikisho la vyama vya Victoria alilolianzisha Paul Bomani na wenzake likajulikana nje ya nchi, vilikuwa ajira ya heshima. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa kwa amri ya serikali, na biashara ya pamba ikaachwa mikononi mwa mamlaka ya zao. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, halafu mwaka 1994 soko la pamba likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi na vyama vikayumba tena. Miaka hiyohiyo ya 1990, katika mageuzi ya utumishi wa umma, makumi ya maelfu ya watumishi walipunguzwa kazini. Na wenye kumbukumbu fupi wakumbuke karibu zaidi: mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa watumishi 9,932, na kwa miaka kadhaa kabla ya 2021 kupanda madaraja kulikwama hata kwa waliokuwa na vyeti halali. Kikokotoo cha mafao kilishushwa mwaka 2018 hadi malipo ya mkupuo ya asilimia 25, Rais Magufuli akasitisha Desemba mwaka huohuo, mwaka 2022 ikawa asilimia 33, mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40. Mtu anayepanga uzee wake kwa namba hizi amepanga juu ya kitu kinachosogea.

Yote hayo nakubali, lakini yanathibitisha nini? Yanathibitisha kwamba kila kazi ina mwisho, ikiwamo ya kudumu. Hayathibitishi kwamba miisho yote inalingana. Aliyepunguzwa serikalini alikuwa na mafao ya kudai na chama cha wafanyakazi cha kumsemea. Madaraja yaliyokwama yalifunguliwa mwaka 2021. Kima cha chini kikapandishwa mwaka 2022 kutoka 300,000 hadi 370,000, na sikukuu ya wafanyakazi mwaka 2025 kikatangazwa kuwa 500,000 kuanzia Julai. Waliovumilia walipata kitu, kwa kuchelewa na kwa manung'uniko, lakini walipata. Mkataba wa mradi uliofutwa haurudi kukulipa malimbikizo. Tena kuna jambo la pensheni ambalo hupigwa kumbo kwenye mazungumzo ya namna hii: ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180. Huyu wetu wa miaka 12 ana miezi 144. Amebakiza 36. Akienda kwenye mkataba wa miezi 24 kisha akakaa nje ya ajira, amesimama miezi 12 kabla ya mstari. Ni kweli kwamba kwenye mshahara mkubwa michango nayo ni mikubwa, na wala haipotei. Hata hivyo, kabla hajatoka PSSSF kwenda NSSF, aende kwenye ofisi ya mfuko akaulize vipindi vyake vitaunganishwaje, na jibu alipate kwa maandishi. Maneno ya rafiki aliyehama mwaka juzi hayatoshi.

Wengine watasema nimemsahau kijana. Hapana, na kwa kijana hesabu inageuka. Mwenye miaka 26, hana mkopo benki, hajajenga, hana watoto shuleni, ana miaka miwili tu ya michango: huyo akipata kazi itakayomfundisha kitu ambacho Mwandoya hakifundishwi, namwambia aende, hata kama nyongeza ni ndogo. Kwake mwezi wa mwisho ni mwepesi. Atarudi na ujuzi, na miaka ya kujaribu tena anayo. Kosa la vijana wengi ni kuchukua mshahara mkubwa kwa kazi ambayo haiongezi chochote kichwani, na kuikataa yenye mshahara wa wastani inayoongeza. Na ajue pia kwamba mlango wa nyuma ni mwembamba: aliyeacha utumishi wa umma kwa hiari akitaka kurudi anahitaji kibali, na nafasi anayoiacha wanaisubiri wahitimu wengi wa ualimu na uuguzi walioko mtaani. Kama nia yake ni kuonja tu, aulize kwanza kwa ofisa utumishi juu ya kuazimwa au likizo bila malipo. Havitolewi kwa kila mtu, lakini kuuliza hakukatwi mshahara.

Upinzani wa tatu ndio wenye uchungu zaidi. Unasikika kwa walimu hasa: “Nikibaki hapa nitadumaa.” Hoja hii naiheshimu kuliko ile ya fedha. Mtu anaweza kulipwa kila mwezi na bado akawa anakufa kazini taratibu, darasa la wanafunzi mia, hakuna nyumba ya mwalimu, mkuu anayeona kila wazo jipya kama dharau. Ila mtu huyo ajikague kwa ukali kidogo. Je, kinachomchosha ni kazi, ni kituo, au ni deni? Watumishi wengi wa umma wana mikopo ya benki inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara kwa miaka mingi, hadi kufikia ukomo wa kisheria unaotaka theluthi moja ya mshahara ibaki. Mtu anayepokea theluthi moja ya jasho lake lazima aichukie kazi, na anaihukumu kazi bure, kwa sababu iliyompokonya theluthi mbili ni sahihi yake mwenyewe. Akihama, mkopo unamfuata. Tofauti ni kwamba sasa marejesho yatategemea mkataba wenye tarehe, na mkopo wa miaka sita hauwezi kulipwa na kazi ya miaka miwili. Kama tatizo ni kituo, dawa ni uhamisho. Kama ni kazi yenyewe, basi hakika ni wakati wa kuondoka, na hapo hata nyongeza ikiwa sifuri uamuzi unaweza kuwa sahihi.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa miaka 12 kazini, mwenye mkopo, shamba na watoto shuleni, anayepewa mradi wa miaka miwili kwa nyongeza ya 400,000 ambayo ni 200,000? Ningemshauri akatae, au arudi mezani kujadiliana. Na kujadiliana huko hatukuzoea. Tunapokea barua ya ajira kwa mikono miwili kama zawadi, wakati anayetoa kazi ndiye anayetuhitaji siku hiyo. Aombe mkataba wa miaka mitatu badala ya miwili, ili miezi 36 yake itimie. Aombe bima ya familia, kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba kiandikwe kwa asilimia, gharama za kuhama zitajwe. Aulize mfadhili ni nani na fedha yake imethibitishwa hadi mwezi gani. Mwajiri mwenye nia njema hakasiriki kwa maswali hayo, na anayejibu “wewe njoo tu, tutaelewana” ameshatoa jibu la kutosha. Wakikubaliana, hesabu inageuka na aende bila kuangalia nyuma.

Ombi langu kwako, ndugu msikilizaji ambaye simu hiyo imeshakufikia, ni la utaratibu tu. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla barua ya ajira mpya haijawa mkononi mwako, ina jina lako, mshahara, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, imesainiwa. Anayelipwa kwa mwezi, notisi yake kisheria haipungui siku 28. Mwajiri mpya anayekutaka kweli atakusubiri siku hizo 28.